Kikwembe Juu ya Bati

Binti yangu, wa miaka sita, alikubali kupanda ndege kwenda Kinshasa kwa baba yake kwa sharti moja: amwone bibi yake kutoka juu. Asipoahidiwa, hapandi. Nami, kwa kutaka amani nyumbani, nikamwahidi. Mdomo huponza kichwa.

Mama yangu, ambaye mtoto humwita kaku, hakuona shida.

"Nitatandika kikwembe yangu ya rouge juu ya nyumba," alimwambia. "Utanimona tu."

Ndege hupita juu ya mtaa wetu zikiwa bado chini, hata mazungumzo hukatika. Basi nikatulia.

Lakini lazima nieleze habari ya mama yangu na kikwembe hicho, kitenge chake chekundu. Alikivaa Pasaka na harusini tu. Mwaka mmoja, kanisani, akamwona mwanamke mwingine amevaa kitambaa kilekile. Padri hajamaliza mahubiri, kaku keshatoka. Alirudi wakati wa komunyo amevaa cha kijani.

"Mi siko uniforme," alituambia, yaani yeye si sare.

Asubuhi ya safari, jirani alimtandikia kikwembe juu ya bati, akakigandamiza kwa mawe. Kosa letu lilikuwa kumwambia sababu.

Ndani ya ndege mtoto hakutaka peremende, hakutaka mkanda, alitaka dirisha. Bwana mmoja mwenye tai alikuwa amelikalia.

"Papa, pardon," nikamwambia, "mutoto anatafuta kumona kaku yake."

Yule bwana akatazama mawinguni kwa huruma. "Kaku yake alikufa?"

"Hapana! Eko ku nyumba!"

Akahama upesi, nadhani kwa kuniogopa.

Tukaruka. Lubumbashi ikaanza kushuka chini yetu. Nikauona ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba na bomba lake refu la moshi, kisha mtaa wetu, na nikataka kupiga kelele. Kila bati lilikuwa na kikwembe! Vyekundu, vya njano, vya bluu, kama soko la nguo limeanguka kutoka mbinguni. Majirani nao walitaka kuonwa! Niliwalaani kimoyomoyo, nyumba kwa nyumba. Mdomo wa mtoto ulianza kutetemeka, na mimi niliogopa kweli, maana ningemwambia nini?

Mara akagonga kioo.

"Mama! Kwetu njo kule! Ile nyumba yenye haina kitu!"

Nikatazama. Katikati ya rangi zote hizo palikuwa na bati moja tupu, lenye kutu, na uani kwake kidoa chekundu kikirukaruka. Kaku alikuwa ameona kazi ya majirani, akakishusha kikwembe chake, akakivaa. Mtoto alipunga mikono yote miwili, na bwana wa tai, aliyekuwa ameinama juu yangu bila kuomba ruhusa, akapunga pia.

Tulipofika Kinshasa nikapiga simu. Kaku hakuuliza kama tumefika salama, wala kama tumekula. Alimtaka mtoto.

"Ulinimona?"

"Nilikumona, kaku. Weye hauko uniforme."

Nikasogeza sikio kwenye simu. Halafu nikamsikia mama yangu, ambaye hata msibani hulia kwa mpango, akilia ovyo.