Gari la Baba Jenifa Limekosa Mtandao

Mume wangu Methusela aliendesha Landrova za serikali ujana wake wote, na hadi leo akikaa kwenye kochi mguu wake wa kulia unakanyaga breki. Binti yetu Jenifa akiwa bado ananyonya, baba yake alimwapia kwamba siku ya harusi yake atampeleka kanisani yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kwenye gari lake. Wakati huo gari hatukuwa nalo. Tulikuwa na baiskeli, nayo tairi la nyuma lilikuwa viraka vitupu.

Soko huria likaja, magari ya Japani yakaja, na baada ya miaka mingi na letu likaja, dogo, la rangi ya maziwa. Mungu si Athumani. Jenifa akachumbiwa na Fabian wa Ihumwa, harusi ikapangwa kanisani kwao huko, na wakwe wakasema watatuma gari la bibi harusi. Methusela akawajibu asante sana, gari tunalo.

Basi gari likaanza visa. Kutoka kwetu Nzuguni kwenda mjini halina neno. Likielekea Ihumwa, likishavuka reli tu, linazima. Methusela anashuka, anafungua boneti, anachungulia, haoni kitu, anaibamiza kwa hasira, gari linawaka. Mimi nakaa ndani nikijiuliza ni gari gani hili linalotaka kupigwa ndipo litii.

Tukalipeleka Majengo kwa fundi Hasani. Alituamkia, akaenda kuazima mashine ya kupimia, akaichomeka chini ya usukani. Ikaandika herufi U na namba nyuma yake. Hasani akaikodolea macho.

"Mzee, ingeanza na P ningesema ni injini au gia. Hii U ni ya mawasiliano. Gari lina tatizo la network."

"Network?"

"Humu ndani mna visanduku vinavyoongea kwa waya. Kuna cha injini, kuna cha breki, kuna cha hizi taa za dashibodi. Mashine inasema cha injini hakiwajibu wenzake."

"Kimekufa?" nikauliza.

"Si lazima, mama. Ukimpigia mtu simu asipokee, huwezi kusema amekufa. Pengine kuna waya umelegea mahali. Niachieni gari nifuate waya mmoja mmoja."

Nikamuuliza visanduku vinaongea nini. Akasema vinapeana habari za mwendo na joto la injini. Nikamuuliza ni kipi kinachoanza kumsalimia mwenzake. Hasani akacheka, akakiri kwamba na yeye huko hajafika. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, lakini angalau nilijua kwamba sijaelewa. Mwenzangu yeye alikuwa ameelewa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Mama Jenifa," aliniambia njiani, "pale ng'ambo ya reli simu yangu inashika?"

"Haishiki."

"Na gari linazima wapi?"

Kusema kweli, niliona ana hoja. Kijijini kwetu tulikuwa tunapanda juu ya kichuguu ili simu ipate mtandao; kwa nini gari nalo lisitafute mnara? Nikamkumbusha habari ya waya. Akasema hayo ni maneno ya fundi anayetaka kufumua gari la watu wiki ya harusi, akakataa katakata kuliacha. Dawa yake ilikuwa moja tu: siku yenyewe atapita relini kwa kasi, kabla gari halijajua kwamba mtandao umekatika.

Jumamosi ikafika. Jenifa alikaa nyuma dirishani na shela lake, mimi na shangazi yake tumejibana kando yake, ndugu wengine na wapambe wanatufuata kwenye gari la kukodi. Methusela alipoiona reli akakanyaga mafuta. Tuliruka. Kichwa changu kiligonga paa, kilemba kikanishuka machoni, na kabla sijakipandisha gari lilikuwa limezima. Likajiendea lenyewe kidogo, likasimama mahali ambapo msalaba wa kanisa unaonekana.

Akabamiza boneti. Akaibamiza tena, na tena. Kimya. Akatoa simu, akaiinua juu, akazunguka nayo barabarani. Nilitaka kumcheka nikashindwa.

Gari la wakwe likatoka kanisani likatujia, limepambwa maua. Msimamizi wa Fabian, kijana anayeitwa Batholomeo, akashuka na kumfungulia Jenifa mlango.

"Shemeji, karibu huku. Mzee, pole sana, magari ndivyo yalivyo."

"Mpelekeni," Methusela akasema, bila kumwangalia binti yake. "Hili halina mawasiliano."

Nilimhurumia mume wangu. Jenifa akashuka, akalikusanya gauni lake. Sote tulijua anakoelekea. Akalipita gari la maua, akazunguka, akafungua mlango wa mbele wa gari letu, akaketi kando ya kiti cha baba yake na shela lote mapajani.

"Baba, ingia ushike usukani," akasema. "Mama, sukumeni."

Tukasukuma. Mimi, mashangazi, wapambe kwa viatu vyao virefu, hata Batholomeo na suti yake. Vumbi lilitujaa mdomoni, vigelegele vikatushinda. Methusela aliukaza usukani, mzito kwa kukosa injini, akikwepa shimo baada ya shimo, na alikuwa analia waziwazi.

Tulipoingia uwanja wa kanisa, Fabian alishindwa kuvumilia. Alikuja mbio akaushika mlango wa mchumba wake, gari bado linasogea.

Jenifa akauvuta kwa ndani.

"Subiri kidogo," akamwambia. "Baba hajaegesha."