Kichuguu Nilichokifunga

Bisha ukitaka: mimi niliwahi kufunga kichuguu kwa wazo tu. Shule niliiacha mapema, leo nabeba abiria kwa pikipiki hapa Busia, na msomi wa kunishinda kwa hilo bado sijamwona.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikaa kwa Nyanya, kule Iyolwa. Mvua za kwanza zikishapita, kumbikumbi hawatoki bure. Kichuguu kinafunikwa kwa blanketi, matundu yanazibwa kwa tope, linaachwa moja lenye kishimo cha kuwanasa. Halafu mtu anapiga vijiti juu ya ubao, taratibu kama manyunyu, mpaka wadhani mvua imerudi. Ila wazee walikuwa na sharti: akiwepo mwenye wazo baya juu ya mwenzake, hawatoki. Nyanya, ambaye hakukosa ibada hata akiwa na homa, aliona sharti hilo na mahubiri ya Jumapili ni kitu kimoja.

Mwaka ule alikuwa ameahidi kapu zima la kumbikumbi kwa sadaka, na vijiti akampa binamu yangu Opendi. Opendi, mtoto mpole ambaye hakuwahi kusifiwa kwa lolote! Mimi, fundi wa vijiti, nikawekwa kulinda kishimo, kazi ya watoto wa kunyonya.

Akapiga tangu baada ya chakula cha mchana mpaka mbuzi wanarudi. Hakutoka hata mmoja. Watoto wenzetu wakaanza kumcheka, machozi yakamlenga, na kapu likabaki tupu. Nyanya akamshika mkono anyamaze, akatutazama mmoja mmoja.

"Kichwa ni mpaka, wanangu," akasema. "Mawazo yanapita pale kama watu wa Malaba, huwezi kuyakataza kuja. Lakini kamba ya kizuizi unaishika wewe. Nani leo ameachia la magendo?"

Masikio yaliniwaka. Nikainuka.

"Ni mimi, Nyanya. Niliomba Opendi ashindwe."

"Ulimwomba nani?"

"Mungu."

Akajaribu kununa, ikamshinda, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Alisema Mungu ana kazi nyingi mno kushughulikia upuuzi wangu, akaniagiza nimwombe Opendi msamaha. Nikamwomba. Yeye akanisukumia kijiti kimoja.

"Njoo tupige wote."

Hatujapiga hata kidogo, kumbikumbi wakamwagika, mabawa yakilia kama karatasi. Watoto wakawatia mdomoni wangali hai. Jumapili kapu lilifika kanisani limejaa, na mchungaji nilimwona kwa macho yangu akionja kabla ya kubariki.

Nikisimulia haya, wenzangu hapa stendi husema ni ubaridi wa jioni tu uliowatoa. Wanabisha kwa sababu kuna kipande huwa nakiruka.

Muda wote ule Opendi akipiga, kisigino changu kilikuwa kimeliziba lile tundu chini ya blanketi. Mchwa askari walining'ata mpaka damu, nami nikavumilia, nikicheka pamoja na wengine. Niliposimama kuungama ndipo tundu likafunguka. Kwa hiyo wazee hawakudanganya. Wazo lilianzia kichwani, likatafuta mguu, likaupata. Ndiyo maana siku hizi mwenzangu akininyang'anya abiria, nalitazama wazo linavyokuja na mizigo yake, na kamba naivuta mapema. Si kila mara. Nikisema kila mara nitakuwa nimerudia uongo.

Jioni ile Nyanya alikaanga kumbikumbi kwa mafuta yao wenyewe. Akaniita jikoni, akachovya kidole kwenye mafuta yaliyopoa, akanipaka kisiginoni.

"Kesho tunakwenda kichuguu cha pili," akasema. "Vijiti utapiga wewe. Opendi atalinda kishimo."

Kesho yake sikumwondolea Opendi macho. Alikaa kando ya tundu, miguu ameikunja mbali nalo mpaka magoti yanagusa kidevu, akiniitikia kwa makofi.