Nyumba ya Bibi Matusi

Kwa miaka karibu thelathini watu wa Seoul waliacha vitanda vyao alfajiri, kwenye baridi ya kukata masikio, wakaenda kutukanwa na Bibi Bun-nyeo. Walikwenda kwa hiari yao na walilipa. Mkurugenzi ambaye ofisini kwake wafanyakazi humwinamia mpaka mgongo unalia, akifika kwenye kichochoro kile nyuma ya soko la nguo, alikalishwa kwenye kigoda cha plastiki na kuambiwa, "Mbwa wewe, umelewa tena? Kula, angalau ufe umeshiba." Naye machozi yakamlengalenga, akasema hajasikia maneno matamu kama hayo tangu mama yake mzazi afariki. Mjini kuna mambo.

Nyumba za supu ya kuzimua zilizokesha kichochoroni pale zilikuwa nyingi, na kila moja ilijisifu kwa lake. Ya kwanza iliandika kwamba ndiyo ya asili. Jirani yake ikaandika kwamba ndiyo ya asili kweli kweli. Ya tatu ilitundika bango kwamba imeonekana kwenye televisheni, na ya nne, ambayo hakuna aliyewahi kuielekezea kamera, ikaandika kwamba haijawahi kuonekana kwenye televisheni na wala haina haja. Ya Bibi Bun-nyeo haikuandika neno. Ilikuwa na picha ya Bibi mwenyewe juu ya mlango, kinywa wazi, kidole kimemnyookea mpita njia. Kila mwaka majani yakianza kuwa mekundu, gazeti moja lilitoa orodha ya nyumba kumi bora za kula usiku kucha, na kwa miaka kumi na moja mfululizo Bibi hakukosekana.

Ambalo gazeti halikuwahi kuandika ni kwamba Bibi hakupika. Supu ile ya mifupa ya ng'ombe, majani ya kabichi yaliyoanikwa na mabonge laini ya damu ilipikwa na mkamwana wake, Yeon-sil, aliyeolewa pale akiwa na miaka ishirini na mitano na kuoneshwa sufuria kabla ya kuoneshwa kitanda. Bibi alikaa mlangoni kwenye kiti chenye joto, na matusi yaliyobaki baada ya wateja kugawiwa aliyapeleka jikoni. Tofauti ni kwamba mteja alitukanwa dakika kumi akaenda zake amechangamka. Yeon-sil alitukanwa miaka ishirini na tisa, akawa anajibu, "Ndiyo, Mama," huku anakoroga.

Kujibu vinginevyo hakujua. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko mkoani, na nyumbani kwao hata paka aliombwa tafadhali ashuke mezani.

Bibi alifariki majira ya kuchanua maua, akiwa na miaka themanini na minne, akilalamikia uji. Mwezi haujaisha, wateja wakaanza kukunja nyuso. "Supu imepoteza ladha," walisema. "Imekuwa maji." "Mkono wa marehemu ulikuwa mkono jamani, usicheze." Sufuria ilikuwa ile ile, bucha yule yule, na mkono ulikuwa ule ule uliokuwa ukiwapikia tangu wengine wao hawajaota ndevu. Yeon-sil aliyasikia hayo yote kupitia kidirisha cha jikoni. Yalimuuma kuliko matusi yote ya mavyaa yake, na hakuwa na wa kumwambia.

Mumewe, Gil-nam, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye droo ya pesa na kuinama mteja anapoingia na anapotoka, alimfuata jikoni.

"Mama Ye-rin, itabidi utukane."

"Nitukane nani?"

"Wateja. Wanakuja kwa hilo. Mwandishi wa orodha atapita mwezi huu. Tukitolewa kwenye orodha, nampa mahali hapa yule wa kuku wa kukaanga. Ameshaniuliza mara mbili."

"Na sufuria yangu?"

"Kuku hawapikwi kwa sufuria hiyo."

Yeon-sil aliitazama sufuria. Ndiyo ilikuwa ujana wake wote, ikichemka. Basi akakubali kujifunza kutukana.

Gil-nam alimwandikia matusi kumi na mawili kwenye kipande cha kadibodi, akakibandika juu ya jiko. Kungwi wake akawa Bwana Maeng, dereva wa teksi aliyekula pale kila alfajiri akimaliza zamu, na ambaye Bibi alimwita fisi kwa miaka ishirini bila kumkosea hata siku moja.

"Haya, mama mdogo, nishushie."

Yeon-sil alifuta mikono kwenye aproni, akasoma ukutani. "Fisi... wewe. Samahani, kaka Maeng. Nikuongezee kabichi?"

"Hapana! Matusi hayana samahani! Niambie sura yangu ikoje."

"Imechoka. Unalala vizuri kweli?"

Maeng alishika kichwa. Siku ya pili alimpa zoezi la kutukana figili kabla hajazikatakata za kutia chumvi na pilipili. Figili nazo akaziita wapumbavu kwa sauti ya mtu anayeomba njia. Mteja mmoja aliyeambiwa "mshenzi, karibu sana" alisimama akavaa koti, akasema yeye hakufuata hapa mambo ya hoteli.

Mwandishi akaja. Alidhani anakuja kwa siri, ilhali kichochoro kizima kilimjua kwa kofia yake ya duara na kwa tabia yake ya kuipiga picha supu mpaka inapoa. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na vigoda vyote vimejaa. Gil-nam alimsukuma mkewe kutoka jikoni, mwiko bado mkononi.

Yeon-sil alisimama mbele ya ile kofia. Matusi kumi na mawili yote yakamtoka kichwani. "Wewe..." alisema. "Wewe mvivu... umekuja mapema leo."

Watu wakainamisha macho kwenye bakuli zao, kwa kumwonea aibu. Mwandishi alionja kijiko kimoja, akakunja pua, akasogeza bakuli kando na kutoa daftari.

Hapo Gil-nam akaona maji yamefika shingoni. Akaja mbio, akainama mara tatu. "Utusamehe sana, bwana. Supu hii ni mkono wa marehemu mama yangu, ametuachia kila kitu. Huyu mke wangu ni wa kuosha vyombo tu, ndiyo kwanza anajifunza jiko."

"Mkono wa nani?" Yeon-sil aliuliza.

Aliuliza polepole sana, na Maeng, aliyekuwa karibu, akaweka kijiko chini.

"Mkono wa mama yako, Gil-nam?" Alimwita kwa jina tupu, mbele za watu. "Mama yako alijua hata chumvi inakaa wapi? Mifupa hii nimeichemsha mimi miaka ishirini na tisa, mpaka yangu imelika! Nilipojifungua Ye-rin, hata supu ya mwani ya mzazi nilijipikia mwenyewe, na siku ya nne nikarudi kwenye sufuria, na mama yako pale mlangoni ananiita ng'ombe mvivu! Uliinua kichwa? Uliwahi kuinua kichwa? Ulikuwa unahesabu chenji, kupe wewe! Umemnyonya mama yako mpaka kafa, sasa umehamia kwangu, kupe mkubwa usiye na haya!"

Yeon-sil akaigeukia picha nyingine ya marehemu, iliyotundikwa ukutani mle ndani.

"Na wewe kikongwe, usinikodolee! Nilikuosha, nilikulisha kwa kijiko, na siku ya kufa ukasema uji una mabonge! Haukuwa na hata bonge moja!" Kisha mwiko ukaelekea kwenye kofia. "Na wewe, zimwi la daftari! Miaka kumi na moja unakula jasho langu, unaandika mkono wa Bibi, mkono wa Bibi. Huo ni ulimi au kandambili? Kula! Kula, na upaliwe!"

Alikuwa analia, na hakujali. Halafu mtu akapiga makofi, na wa pili, na nyumba nzima ikalipuka kwa vifijo. Watu walisimama juu ya vigoda. Maeng alipiga kelele, "Bibi amefufuka jamani!" Mwandishi alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akaivuta tena ile supu aliyoisogeza kando, sasa imepoa na mafuta yameganda juu, akaimaliza.

"Ndiyo hii!" alisema akifuta mdomo. "Ladha imerudi!"

Majani yalipokuwa mekundu, gazeti likatoka. Walikuwa wa pili mjini. "Mkono wa Bibi haujafa," liliandika, "unaishi kwa mkamwana wake, na kipaji chake cha kuigiza hasira ni cha ajabu." Yeon-sil alisoma mara moja, akalitumia kufungia maganda ya figili.

Yule wa kuku alitafuta mahali pengine. Picha mpya ilitundikwa juu ya mlango, kinywa wazi, mwiko umenyooka. Na kila siku saa kumi na moja alfajiri wateja hugonga vijiko mezani wakidai, "Mama mdogo, ya kupe! Tupe ya kupe!" Hawaondoki bila hiyo. Basi Gil-nam hutoka kwenye droo yake, husimama katikati ya vigoda na mikono ameikunja mbele, huambiwa yote tangu arusi mpaka jana, na kila mara huwa kuna jipya. Kujibu hawezi, biashara itaharibika. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na huyu hata kadibodi hasomi tena.

Asubuhi moja, nyumba imetulia, Gil-nam alichungulia jikoni.

"Mama Ye-rin. Hivi yale... si huwa unaigiza tu?"

Yeon-sil alionja supu, akaongeza chumvi kidogo.

"Bakuli zimejaa kwenye sinki," alisema. "Tafadhali."

Gil-nam akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha.