Vijidudu vya Mara ya Pili

Mama Pacha aliugeuza mfuko wa koti kuukuu la mumewe ndani nje, akaukung'uta. Zilidondoka pini mbili na kipande cha chaki. Vidonge hakuna.

"Unanipekua kama mwizi wa kuku?" Fundi aliuliza mlangoni, huku akikohoa.

"Mwizi wa kuku afadhali, manyoya huonekana."

Miaka miwili nyuma Fundi aliugua kifua kikuu. Kwa miezi sita mkewe ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa dawa: kila asubuhi alimpa vidonge, akaweka alama kwenye kadi. Akapona. Sasa makohozi yake yalionyesha vijidudu tena, na Mama Pacha alikuwa na jibu tayari. Mume wakati ule alikuwa akivificha vidonge shavuni, kisha anakwenda kuvitema. Fundi aliapa hajatema hata kimoja, akaapa mpaka akachoka. Tangu hapo walikula kila mmoja akitazama sahani yake.

Kliniki, Sista, muuguzi wao, hakuchukua upande. Maabara, alisema, ilikuwa imehifadhi vijidudu vya mara ya kwanza kwenye jokofu. Wangelinganisha vinasaba vyake na vya hivi vya sasa.

"Vikifanana, ugonjwa wa zamani umeamka, na hilo huwapata hata waliomeza dawa zote. Vikitofautiana, ameambukizwa upya."

"Vitafanana," alisema Mama Pacha, kama aliyekwishaviona.

Majibu yalichukua majuma matano, na muda huo Fundi alimezea dawa hapo hapo kliniki. Havikufanana hata kidogo.

"Vya zamani dawa zilivimaliza," Sista alisema. "Hivi ni vigeni. Fundi, unashinda wapi?"

"Karakana. Tunashona wawili, madirisha tunafunga, maana upepo unapeperusha bitana. Mwenzangu anakohoa, ila anasema ni vumbi la vitambaa."

"Mlete kesho apimwe. Na madirisha yafunguliwe." Sista akavuta kadi mpya ya dawa za nyumbani. "Msimamizi ni mama tena?"

Mama Pacha alishanyoosha mkono kuipokea.

"Mwandike dada yangu," Fundi alisema.

"Baba Pacha! Wifi anakaa mbali, mabasi mawili..."

"Nitapanda yote mawili."

Sista aliinua kalamu, akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha alitaka kuomba radhi. Aliurudisha mkono mapajani.

"Mwandike wifi," alisema mwishowe. "Mimi nitamsindikiza Baba Pacha mpaka mlangoni kwake."