Siku Tata Alipokuja Kumwona Mfalme

Nitawaambia, lakini mkicheka chekeni polepole, maana mpaka leo nikifika Hurlingham huwa ninavuka upande wa pili wa barabara na uso unanichoma kama wa mtu aliyeinamia jiko. Aibu yenyewe ni hii: niliitoa familia yangu kwetu Waithaka, pembeni mwa Nairobi, ikiwa imevaa nguo za kanisani, ikaja kumwona mwanamume aliyekufa miaka mia sita iliyopita.

Ilikuwa miaka ile simu bado zina vitufe, nami nilikuwa nimeacha ukarani katika ofisi moja ya bima mjini ili niandike riwaya. Baba alikubali shingo upande. Alinipa mwaka mmoja, akasema, "Mwaka ukiisha hakuna kitabu, Muthoni, unarudi ofisini na hatuongei tena." Sasa zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Riwaya yangu ilimhusu mfalme mmoja kijana wa Kilwa wa zamani zile, ambaye nilimkuta maktabani katika mstari mmoja na nusu tu wa kitabu kikubwa: kwamba alitawala kidogo, akashikwa na homa, akafa bila mke. Nilipousoma mstari ule nilihisi kama mtu amenigusa bega. Nikajiuliza, je, kama homa ile ingempitia tu na kuondoka? Angemwoa nani? Nilikuwa natoka maktabani jioni nikitembea mjini kama mtu aliyelala macho wazi, nikiona kwamba kama angemwoa mjane wa Pate mwenye majahazi, pwani yote ingekuwa nchi moja, wageni wenye mizinga wangekuta mlango umefungwa, reli isingejengwa, na pale penye stesheni yetu pangebaki kinamasi na vyura wakiimba. Kama angemwoa binamu aliyechaguliwa na mama yake, mambo yangekwenda vilevile yalivyokwenda. Na kama angemwoa binti wa bara, kutoka nchi ya dhahabu na kuta za mawe, msichana asiyejua hata neno moja la lugha ya mfalme, basi hapo sikujua kungekuwa nini, na kutojua kule ndiko kulikonifanya nimpende yeye kuliko wengine. (Kuna siku niligonga mlingoti wa taa nikimwaza. Nikauomba msamaha.)

Shida ni kwamba nilikuwa nimeandika sura kumi na tisa na mfalme bado hajaoa. Kila nikimsogeza kwa mmoja, wale wawili wananitazama. Kisha mhariri mmoja wa Westlands, Bwana Wekesa, akanipigia simu, "Kitabu kimeisha?" Nami nikasema kimeisha. Akaniambia nije Jumamosi saa nane nisome mbele ya watu, juu ya duka la vitabu pale Hurlingham ambapo kikundi chetu cha waandishi kilikuwa kinakutana, na kama atapenda anachosikia, Jumatatu tunatia sahihi.

Nikakimbilia kwa Tata Nyambura, dada yake Baba, ambaye Waithaka nzima inajua kwamba hakuna ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, inayoendelea vizuri bila yeye kukaa kwenye kona na kuuliza maswali. Nilijiambia kwamba akijua ni hadithi atanijibu ovyo, kama watu wazima wanavyojibu hadithi. Basi nikaamua jambo dogo tu, la kijinga: nisimwambie kwamba mfalme amekufa.

Nilimkuta akizungusha mashine ya kukatia ng'ombe majani. Nikasema, "Tata, kuna rafiki yangu mmoja anataka kuoa na hajui amchague nani."

Sasa nyinyi mnajua, na mimi nilipaswa kujua, kwamba kwetu hakuna msichana aliyewahi kumwendea shangazi yake na habari za rafiki. Rafiki anayetaka kuoa ni mchumba wako mwenyewe. Ndivyo mtoto aliyelelewa vizuri anavyoanza. Lakini mimi wakati ule nilikuwa Kilwa.

"Kwao ni wapi?" akauliza, mkono ukizunguka.

"Pwani."

"Ni wa kanisa gani?"

"Ni Mwislamu, Tata."

Mashine ikasimama. Ng'ombe akageuza kichwa.

"Anafanya kazi gani?"

"Ana bandari."

"Ni karani wa bandari."

"Hapana, bandari ni yake."

Tata akajifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. Akauliza habari za baba (amekufa), mama (yupo, na ndiye anayeamua mambo), afya. Nikamwambia alishikwa na homa kali sana karibu afe, lakini kwangu mimi amepona. Akauliza wanawake wanaofikiriwa ni wangapi, nikasema watatu, mmoja tajiri, mmoja jamaa yake, na mmoja wa bara, hana majahazi, hata lugha ya rafiki yangu haijui.

"Na wewe, moyo wako unasema nani?"

"Huyo wa bara," nikasema, na nadhani macho yalinijaa machozi, kwa sababu nilikuwa nimemwona vizuri kabisa, amesimama kwenye ngazi za jumba la matumbawe, na upepo umemshika nguo.

Tata akaikunja leso mara mbili. Kisha akauliza kwa upole ambao haukuwa wake, "Mtu kama huyo anaonekana wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini ilikuwa tamu mno, jamani, kuwa na mtu mwingine duniani aliyeamini kwamba yu hai. Nikacheka, nikasema, "Jumamosi saa nane atakuwa Hurlingham, juu ya duka la vitabu."

Jumamosi ikafika. Viti vilikuwa kama ishirini, Bwana Wekesa mbele kabisa na kalamu mfukoni, na dirishani Athmani, mshairi wa kikundi chetu kutoka Mombasa, mrefu, kanzu nyeupe, ameshikwa na mafua. Nilianza kusoma. Nilisoma vizuri, hilo nalisema bila aibu. Nilikuwa nimefika pale mfalme anapoamka kutoka kwenye homa na kuuliza ni siku gani, na chumba kimetulia, ndipo nikasikia ngazi zikilia, miguu mingi, ya watu wanaopanda kwa heshima.

Akaingia Tata na kitambaa cha kikundi cha akina mama kichwani na kiondo kimejaa. Nyuma yake akina mama wawili wa kanisa, kisha Anko Gachanja na kofia na bakora, na mwisho Baba, ndani ya koti lake la harusi na mazishi. Walikuwa wamekuja kumjua mtu, kama inavyofanywa, kwa amani, kabla maneno hayajaenda mbali.

Niliacha kusoma. Anko Gachanja alitazama chumba, akapita katikati ya viti, akaenda moja kwa moja kwa mwanamume pekee mwenye kanzu, akampa mkono.

"Sisi ni watu wa Muthoni," akasema. "Tumesikia ulikuwa mgonjwa. Pole sana."

Athmani ni mtu aliyelelewa. Akasimama, akampokea mkono kwa mikono miwili. "Nimeshapona, mzee wangu. Yalikuwa mafua tu."

"Mafua," Anko akamwambia Baba, kama anayesahihisha ripoti. "Na bandari inaendelea aje?"

"Bandari ipo, alhamdulillahi," akasema Athmani, akinitazama kwa jicho moja. (Alidhani anaulizwa habari za kwao Mombasa.)

"Na hao wengine wawili? Mama mwenye majahazi, na jamaa yako. Tunaweza kuongea mbele ya watu ama twende nje?"

Kuna mtu nyuma aliyeanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Tata alikuwa ameshatoa sukari na majani ya chai kutoka kwenye kiondo na kuviweka mezani juu ya karatasi zangu, juu ya sura ya tatu. Nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mtoto anayekiri sahani iliyovunjika, "Anko, si yeye. Mwenyewe alikufa."

Akina mama wakaguna. Tata akashika kifua. "Lini?"

"Miaka mia sita iliyopita."

Nilieleza kila kitu, mstari na nusu wa maktabani, homa, riwaya, nikimtazama Baba ambaye alikuwa akiitazama ncha ya kiatu chake. Watu walicheka, kwanza kidogo, kisha chumba kizima, na Athmani alicheka mpaka mafua yakamshinda. Ningeweza kuishi na hilo. Lakini Anko Gachanja hakucheka. Yeye akiamshwa mapema na kuvalishwa kofia kwa ajili ya ndoa, haondoki bila ndoa. Alikaa kwenye kiti changu, akaweka bakora katikati ya magoti, akauliza:

"Sawa. Basi alioa nani?"

Nikapekua karatasi zangu hadi ya mwisho.

"Si umeandika wewe? Alioa nani?"

"Sijui, Anko," nikasema. "Bado hajaoa."

Bwana Wekesa aliinua kichwa. Alikuwa amecheka na wengine, na kicheko kikamtoka usoni taratibu, kama maji yanavyoshuka kwenye karai. "Uliniambia kitabu kimeisha."

Nikasogeza majani ya chai kando ya karatasi zangu.

"Ambacho hakijaisha ningekingoja," akasema. "Ungeniambia tu." Akairudisha kalamu ndani zaidi ya mfuko na kuchukua koti lake. Baba alimfuata kwa macho hadi mlangoni, kisha akanigeukia na kusema neno moja, "Jumatatu," nami nilijua halikuwa la kutia sahihi.

Tata ndiye aliyebaki nami tukikusanya karatasi. Hakunigombeza. Aliipangusa sura ya tatu punje za sukari, akaisoma kidogo akiwa ameishikia mbali na macho, kisha akasema, "Hawa wasichana watatu. Kuna mtu amewauliza?"

"Kuwauliza nini?"

"Muthoni. Kwetu kwenye ruracio hakuna kinachonywewa kabla msichana hajaulizwa mbele ya watu kama kinyweke, yaani kama anakubali. Wewe mwaka mzima unauliza mfalme atamchukua nani." Akanikabidhi karatasi. "Hata mwenye bandari hukataliwa."

Jumatatu nilirudi kwenye bima, na mwenye meza ya pili akanikaribisha kana kwamba nilikuwa nimetoka msalani. Niliandika saa za chakula cha mchana, kwenye bustani ya Jeevanjee, karatasi juu ya magoti, nikiwauliza mmoja mmoja. Mjane alitaka kwanza kujua nani ataamrisha majahazi. Binamu alilia. Binti wa bara nilimwuliza mwisho kwa sababu nilimwogopa, na ilichukua miezi saba kabla hajageuka kwenye zile ngazi na kunijibu. Alikataa. Alitaka kwenda kwao.

Nilimpelekea Bwana Wekesa kitabu Westlands mwenyewe, mkononi, nikamwambia sasa kimeisha kweli. Alinitazama, akafungua ukurasa wa mwisho mbele yangu, akausoma wote nikiwa nimesimama, ndipo akaniambia niketi.

Nimeweka nadhiri mbili tangu siku ile na sijazivunja. Mtu akiniuliza kama kitabu kimeisha na bado hakijaisha, ninasema hakijaisha, hata kama kusema hivyo kutaniumiza. Na nikitaka shauri la watu wazima kuhusu ndoa ya mtu niliyemzua kichwani, ninaanza na kifo chake.