Kichujio cha Chumba cha Upasuaji

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Ruiru, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikushika hata bisibisi. Fundi Mkuu alinikalisha mbele ya kigeuzi, yaani kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe wa kiwango ambacho mashine inahitaji, akawasha redio ndogo kando yake. Redio ikakoroma kama posho mill inayosaga mahindi.

"Unasikia nini?"

"Redio mbovu, Mzee."

"Redio ni nzima. Kigeuzi huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara hutupa kelele ya umeme kwenye nyaya. Kazi yako ni kuizuia."

Kizuizi chenyewe ni kichujio: koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye pete nyeusi ya sumaku, pamoja na kapasita, kidude kinachohifadhi umeme kidogo. Koili huifungia kelele njia, kapasita huielekeza kwenye boksi la chuma la kigeuzi. Mimi nilikuwa nimejisomea haya kwa vitabu vya mitumba chumbani kwangu katika mtaa wa Landless. Fundi Mkuu aliyajua kwa vidole. Aliweza kuhesabu mizunguko ya koili akiwa amefumba macho.

Baada ya miezi miwili nilipewa kigeuzi changu cha kwanza. Kilikuwa cha hospitali moja ndogo ya Thika, cha kulisha mashine ya kuonyesha mapigo ya moyo wakati wa upasuaji, stima ikipotea. Nilikuwa bado kwa majaribio, na Meneja alisema wazi kwamba kikikataliwa ataandika mtu mwingine. Kwa hivyo nilikifanya kwa moyo wote. Nyaya nilizilaza pamoja, nikazifunga kwa uzi wa nta, fundo kwa fundo, zikawa kamba moja nyororo.

"Wewe ungefungua saluni," akasema Wambui, aliyesuka koili. "Hizi ni rasta."

Fundi Mkuu akakagua kwa macho, akatia sahihi.

Hospitalini, Sista wa chumba cha upasuaji alijiunganisha mwenyewe kwenye mashine. Tukazima stima, kigeuzi kikashika. Mstari wa moyo wake ukaota manyoya, na mashine ikahesabu mapigo mara mbili ya kawaida.

"Kulingana na hii, mimi niko karibu kuzimia," akasema. "Keshokutwa nina mama wa kupasuliwa. Mniletee kitu kinachosema ukweli, ama msirudi."

Meneja akageuka. "Ni nani alifunga hii kitu?"

Nilifungua mdomo, lakini Fundi Mkuu alinitangulia. "Nilikagua mimi. Kosa ni langu."

Karakanani nilibadilisha kapasita, kisha koili. Kelele ilibaki. Mwishowe nilipitisha redio polepole juu ya nyaya, nayo ikakoroma baada ya kichujio sawasawa na kabla yake. Hapo nikaelewa. Waya unaoingia kwenye kichujio na ule unaotoka nilikuwa nimezifunga pamoja. Kelele haihitaji shaba iguse shaba. Nyaya zikilala pamoja inaruka, na kichujio kinabaki pambo.

Nilikata mafundo yote kwa wembe, nikatenganisha nyaya, kila moja upande wake. Boksi likawa baya kutazama. Redio ikanyamaza.

"Urembo wako ulinidanganya hata mimi," akasema Fundi Mkuu, kisha akatia sahihi upya.

Kesho yake Sista alikaa ameunganishwa hadi akamaliza kikombe kizima cha chai, macho kwenye mstari. "Sawa," akasema. "Wekeni hapo."

Siku ya upasuaji stima ilipotea Thika kwa karibu nusu saa. Sisi tulikuwa Ruiru, hatukujua. Jioni Sista alimpigia Meneja simu, na Meneja akaja mezani kwangu na barua ya kazi ya kudumu.

"Sista anasema mama yuko salama," akanieleza. "Stima ilipopotea, daktari aliangalia mashine mara moja, akaendelea kushona. Hakuuliza kitu."

Miaka ikapita, nami nikaandika barua za kazi za vijana wengi kabla ya kustaafu. Kila mmoja nilimweleza kuhusu daktari yule ambaye hakuuliza kitu. Katika kazi yetu, sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo.