Mashua Iliyonyweshwa Maji Nchi Kavu

Jina la Nahodha alipewa kwa kejeli. Mumewe alipofariki akamwachia mashua ya kuvusha watu kwenye hori, mkono wa ziwa ulioingia nchi kavu, wanaume wa gatini walikaa wakisubiri aiuze. Hakuiuza. Alijifunga kibwebwe, akashika makasia, na siku hiyo ya kwanza mashua ikazunguka pale pale kama mbwa anayetafuta mkia wake, abiria wanane wamemkodolea macho. "Nahodha, tunaelekea wapi?" mmoja akauliza, na gati zima likaangua kicheko. Miaka kumi na minne ikapita, kicheko kikaisha, jina likabaki.

Alivusha watoto wa shule, maana shule ilikuwa ng'ambo. Alivusha wajawazito, maana zahanati nayo ilikuwa ng'ambo. Alivusha magunia, mbuzi, maharusi, na mara moja kabati la nguo ambalo mwenye mali hakutaka kuliachia, akavuka amekaa ndani yake. Kuzunguka hori kwa barabara ni safari ya nusu siku, tena wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha hakuna barabara, kuna tope.

Lakini mashua ya marehemu ilikuwa imechoka. Shemeji yake seremala, mdogo wa marehemu, aliitia kiraka juu ya kiraka hata akawa anatania kwamba kilichobaki cha asili ni rangi. Asubuhi moja mguu wa mwalimu ulipenya sakafuni na kutokea upande wa pili, majini. Walikuwa karibu na ufuko, hakufa mtu. Iliyokufa ni mashua.

Mbao za kuundia nyingine hazikupatikana, miti mikubwa ilikwisha zamani. Ndipo ikasikika kwamba kuna mashua inauzwa kwenye ziwa jingine, mwendo wa basi wa siku mbili. Kila nyumba ikatoa ilichokuwa nacho. Mwashi, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, alitoa mpaka akiba ya mabati ya nyumba yake. "Tumekuamini, Nahodha," wakamwambia. Maneno mawili tu, nayo yalimlemea kuliko mzigo wowote aliowahi kuuvusha.

Mashua yenyewe aliikuta majini, imefungwa kwenye mti. Hakuiangalia rangi wala hakusikiliza sifa za muuzaji. Alipanda, akainua ubao wa sakafu, akakaa na mkono wake chini kabisa, kwenye ngama, mahali maji ya kuvuja yanapokusanyikia. Alikaa saa nzima. Mkono ulitoka mkavu. Alisikia machozi yanamlenga, akajifanya anapiga chafya.

Kabla haijapakiwa alimpigia simu shemeji yake.

"Shemeji, nisikilize vizuri," seremala akasema. "Mbao hizo zimezoea maji. Zikikaa juani zitasinyaa, na ile pamba iliyoshindiliwa katikati yake itatoka. Ukifika umechelewa, umeleta kuni."

"Zinaweza kuvumilia siku ngapi?"

"Mbili. Tatu, kama Mungu anakupenda."

Basi wakaondoka, yeye na dereva wa lori, mtu mpole aliyependa kupiga mluzi, mashua imelala juu kifudifudi chini ya turubai. Siku ya kwanza walikwenda vizuri. Siku ya pili, saa nne asubuhi, wakaingia kwenye kituo cha mizani, katikati ya nchi kavu isiyo na hata kijito. Karani wa mizani akatoka na utepe wake wa kupimia, akapima mara moja, akapima tena.

"Mama, mzigo umezidi upana."

"Umezidi kiasi gani?"

Karani akamwonyesha upana wa kiganja. "Hivi."

"Kiganja kimoja tu, mwanangu?"

"Sheria haina 'tu', mama. Mnahitaji kibali."

"Kibali kinatolewa na nani?"

"Mkubwa."

"Mkubwa yuko wapi?"

"Semina."

"Na anarudi lini?"

Karani aligeuka akatazama kalenda iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa ya mwaka uliopita. "Wiki hii," akajibu.

Walingoja siku hiyo, wakangoja ya pili yake. Kiwanja cha mizani kilikuwa changarawe tupu, na jua lilikuwa likirudi juu kutoka kwenye mawe kama mvuke wa chungu. Nahodha alipanda juu ya lori akaifunika mashua kwa magunia, akayamwagia maji ya kunywa aliyokuwa nayo. Magunia yakakauka kabla hajashuka. Simu ya dereva nayo haikuacha kulia. Jioni hiyo alikuja mbele yake, kofia mkononi, mluzi umemwisha.

"Mama yangu, unisamehe. Tajiri anasema lori lisipofika kesho nitafute kazi nyingine. Nina watoto."

"Na mimi nina watoto sabini wanaongoja kwenda shule."

"Najua, mama. Najua." Lakini kujua hakukumzuia. Aliwaita madereva wenzake, wakawa kumi na wanne, wakaishusha mashua juu ya matairi mabovu. Mmoja aliteleza kwenye changarawe, tezi, yaani upande wa nyuma, ukagonga jiwe. Sauti ilitoka kavu kama ya mfupa. Nahodha alipiga magoti akapapasa kila ubao, hakuona kitu. Dereva alimwachia turubai, akaondoka bila kuangalia nyuma.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Bomba la kiwanjani lilitoa upepo tu. Maji yaliletwa na gari la tangi kila baada ya siku tatu, na yalikuwa ya watu kunywa. Nahodha akaenda kwa mwanamke aliyekuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara, akamwomba kazi ya kuosha vyombo.

"Sina uwezo wa kukulipa, dada," yule mpishi akamwambia.

"Nilipe maji machafu."

Mpishi alimtazama, akaitazama mashua, akamsukumia karai.

Ikawa hivyo. Anaosha sufuria mpaka vidole vinakunjamana, kisha anabeba maji yenye mafuta na makombo, anayamwaga juu ya magunia. Anachota maji yaliyotuama chini ya lori lililooshwa, anayachuja kwa kitambaa, anayamwaga. Madereva waliopita walikuwa na mchezo mpya.

"Mama, unaimwagilia ili iote?"

"Ikizaa vitumbwi utuuzie kimoja!"

Siku ya kwanza alicheka nao, akawajibu kwamba vitumbwi vimeshaagizwa vyote. Siku ya pili alitabasamu. Siku ya tatu hakuwasikia. Mchana ule aliinua gunia, akakuta pamba inaning'inia kati ya mbao kama uzi wa pindo lililofumuka. Akaingiza ukucha kwenye ufa. Kesho yake kikaingia kidole. Alilala chini ya mashua akitazama juu, akaona jua linapita katika mistari mirefu, moja, mbili, tano, akafumba macho.

Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema. Huyu alitapatapa kwa kukosa maji. Alimwendea karani asubuhi, adhuhuri na alasiri. Alimbembeleza, alimkaripia, siku moja alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye mashua, akamlazimisha aingize kidole katika ufa. "Unaona? Hapa ndipo mtoto atakapozama." Karani alikitoa kidole taratibu, akakifuta kwenye suruali, akasema mkubwa ameongezewa siku za semina.

Siku ya tano juani, shemeji yake akapiga simu. Hakuuliza habari za mashua.

"Shemeji, umekaa?"

"Nimekaa." Alikuwa amesimama.

"Mke wa mwashi. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake. Wakamzungusha kwa barabara, kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili. Mama yuko hai."

"Na mtoto?"

"Mama yuko hai, shemeji."

Nahodha aliirudisha simu mfukoni, ikaanguka chini, asijue. Alikwenda akakaa kwenye kivuli cha mashua. Hakulia. Basi moja likasimama barabarani kupakia abiria, naye akawaza, waziwazi kabisa kama anavyowaza mtu juu ya kununua chumvi: nikipanda hilo, liende liendako, nani atanitafuta? Nikauze sabuni mahali wasiponijua. Nikaitwe fulani tu. Basi likapiga honi mara mbili. Miguu yake ilikataa kuinuka, na mpaka leo hajui kama ulikuwa uaminifu au uchovu.

Basi lilipoondoka, macho yake yalibaki yametulia mbele yake, kwenye ubavu wa mashua. Kulikuwa na ufito mnene uliopigiliwa kutoka mbele hadi nyuma, wa kukinga ubavu usikwaruzwe gatini. Alikuwa akiupita kila siku na ndoo. Aliweka vidole vyake juu yake: unene wa vidole viwili. Upande wa pili, vidole viwili vingine. Viwili na viwili.

Kiganja.

Alitoa sauti ambayo mpishi, akiwa kibandani, alidhani ni ya mtu aliyeumwa na nyoka. Siku tano! Dawa ilikuwa chini ya mkono wake, naye alikuwa akiinywesha mashua maji ya vyombo. Alikimbia kwa fundi wa pancha akaazima mtaimbo na nyundo, akaanza kung'oa. Misumari ilipiga kelele, vipande vya rangi vikaruka. Fundi akaja kusaidia, Nahodha akamfukuza. Aling'oa mwenyewe, akitukana kila msumari kwa jina lake, na viganja vyake vilipochanika aliendelea. Alipomaliza, mashua ilikuwa imesimama uchi, na matundu ya misumari pande zote mbili kama mtu aliyeugua ndui.

"Pima," akamwambia karani.

Karani akapima. Akapima tena. "Inapita."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Hukuniuliza, mama," akasema, na papo hapo akaona aibu ya jibu lake, maana alivaa kofia akatoka nje barabarani, akasimamisha malori mwenyewe mpaka akapata moja linalorudi tupu upande wa ziwa.

Walifika siku ya pili, mchana. Watu walikuwa wamejaa gatini kwa sababu dereva alipiga honi tangu kilimani. Waliipokea kwa vigelegele, wakaibeba, wakaiingiza majini. Ilielea kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Kisha maji yakaanza kuingia pande zote, bila haraka, yakafunika sakafu, yakafunika viti, na mashua ikazama mpaka ukingoni, mbele ya kila mtu aliyetoa alichokuwa nacho. Vigelegele vilikatika. Sauti moja nyuma ikasema, "Kumbe tumenunua kapu."

Nahodha aliingia ziwani na nguo zake, akaushika ukingo kwa mikono yote miwili kana kwamba angeweza kuiinua. Hakuthubutu kugeuka. Alijua mwashi yuko pale.

"Iacheni," seremala akasema. "Mbao zimekauka, zina kiu. Iacheni inywe."

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui. Na huenda zimekauka kupita kiasi. Siwezi kukudanganya, shemeji."

Watu wakatawanyika wawili wawili, bila kuaga. Alisikia mtu mmoja anaingia majini nyuma yake. Alikuwa mwashi. Hakumsalimia. Alichukua kamba, akaifunga mashua kwenye nguzo ya gati kwa mafundo matatu, akayakagua kama anavyokagua tofali, akaondoka.

Siku tatu Nahodha alikaa ufukweni. Chakula aliletewa, hakukigusa sana. Siku ya nne walishika ndoo wakaanza kufua maji, kuyachota na kuyamwaga nje, seremala upande mmoja, yeye upande mwingine, na baada ya muda mwashi akaja na karai lake la udongo, akafua nao. Mashua ilipanda polepole. Wakaacha, wakatazama. Nyufa zilikuwa zimejifunga. Maji hayakurudi, isipokuwa kule kwenye tezi, palipogonga jiwe, mstari mwembamba wa mapovu.

Seremala alipaziba kwa bati, mpira wa tairi na lami, akapatazama kwa uso wa daktari asiye na habari njema. "Ubao huu ungebadilishwa, na ubao hatuna. Itavuja. Usipakie zaidi ya saba, na mmoja awe anafua maji mwanzo hadi mwisho."

"Ilikuwa ya watu kumi na wawili."

"Ilikuwa."

Asubuhi iliyofuata alivusha watoto wa shule, saba saba, safari kumi, kila safari zamu ya kopo la kufulia maji inagombaniwa. Kwenye safari ya kumi na moja, mke wa mwashi alikuwa amekaa gatini, kanga kifuani, anakwenda zahanati kwa sababu maziwa yalikuwa yamejaa na hayakuwa na wa kuyanyonya. Nahodha alimshika mkono kumpandisha. Alikuwa ametunga maneno ya kumwambia tangu kule mizani. Yote yalimkauka.

"Dada," akasema, "nilichelewa."

Yule mwanamke alikaa nyuma kwenye tezi, akarekebisha kanga, akatazama miguu yake iliyokuwa inaanza kulowa.

"Inavuja?"

"Kidogo."

"Nipe hilo kopo."

Akainama, akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga, na Nahodha akaisukuma mashua kutoka gatini.